Fala ya tanga la mbele imegoma, nimeipiga winchi, juu kumelia "ta!"

baharia_wa_kriki, Mtwapa

Salamu kwenu nyote. Kabla mtu hajacheka: nikiandika "fala" simtukani mtu. Ni kile chombo cha kuviringishia tanga la mbele kwenye waya wa omoni, ule unaoushika mlingoti kutoka mbele ya boti. Wenye mayoti ndio waliotuletea jina, sisi tukalitamka kwa ulimi wetu, na Jumapili iliyopita lilinifaa mimi kuliko chombo chenyewe.

Naangalia yoti ya futi 36 ya mzungu mmoja ambaye kusi yote huwa kwao, hurudi Novemba. Nawasha injini, natoa maji ya ngama yanayotuama chini ya boti, naosha sitaha, na mara moja kwa mwezi ameniruhusu niitoe nje ya kriki ili vitu visigande. Jumapili nilitoka na binamu yangu. Tukafungua tanga la mbele peke yake, likafunguka bila neno, tukateremka na upepo mpaka usawa wa Kikambala. Kufika saa saba kusi imeshachachamaa, nikasema tufunge tanga turudi kwa injini.

Nikavuta kamba ya fala. Ikazunguka kama mara mbili, ikasimama. Si kwamba ilikuwa nzito, la. Ilisimama kama umefika ukutani, na ukiilegeza inajirudisha kidogo yenyewe kama mpira. Binamu akasema tia winchi. Nikatia winchi. Mzunguko wa tatu wa mkono nikasikia "ta!" huko juu, nikaacha mara moja.

Tukawasha injini, tukaelekeza omo kwenye upepo, nikaizungusha dramu (lile gurudumu la chini linaloviringa kamba ya fala) kinyume kwa mikono, ikalegea, tukalitua tanga lote sitahani huku likitupiga makofi ya uso. Tumefika salama. Sasa kinachonishangaza: tanga likiwa chini, naizungusha ile reli ya alumini inayouvika waya kwa kidole tu, inazunguka laini kama feni. Ubovu uko wapi? Na ile "ta" ilikuwa nini? Nitie grisi? Sijamwambia mwenyewe bado.

kasa_wa_unguja

Chumvi hiyo kaka. Beringi zimekauka. Tia grisi ya gari ya kutosha kwenye dramu, zungusha mara hamsini, kesho utanishukuru.

msasani_bay_77

Pole sana. Angalia kamba ndani ya dramu. Hapa Dar yalinikuta: ukifungua tanga kwenye upepo mkali bila kuishika ile kamba, inaingia kwenye dramu ovyo ovyo, mzunguko mmoja unajibana chini ya mwingine, na siku ya pili fala haiendi mbele wala nyuma. Tangu hapo kamba haitoki mkononi mwangu wakati tanga linafunguka, naiachia kwa kuibana kidogo ili ijipange. Kagua pia kapi ya mwisho kabla ya dramu, iwe mahali ambapo kamba inaingia dramuni ikikata waya kwa pembe mraba. Ikiingia kwa mshazari inarundikana upande mmoja.

mzee_wa_matlai, Kilifi

Kijana wa Mtwapa, kwanza iache winchi. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa lako nimelifanya mimi, tena usiku.

Tulikuwa tunaleta boti kutoka Mayotte kuja Kilifi, watu watatu, mwezi wa saba. Siku ya nne, tuko mashariki ya Pemba, upepo ukapanda nikataka kupunguza tanga la mbele. Ikazunguka mara moja na nusu, ikagoma. Nikatia winchi, na mwenzangu akaniongezea mkono wake, wanaume wawili na ujinga mmoja. Tanga likajifunga robo, tukajipongeza tukanywa chai. Asubuhi natazama kileleni kwa darubini naona waya wa omoni umefumuka pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma, nyuzi tano zimesimama kama miiba ya nungu. Waya ule una nyuzi 19. Zilizobaki hesabu mwenyewe.

Tukaipa boti upepo wa mgongo ili mlingoti uegemee mbele na waya upumzike. Tukachukua henza (kamba ya kutwekea tanga) ya ziada, tukaifunga kwenye chuma cha nanga omoni na kuikaza mpaka ikalia. Hiyo ndiyo kazi ya winchi. Tanga hatukulitua, maana dasi yake, ile kamba iliyoshonwa ukingoni, nayo ilikuwa inasaidia kushika mlingoti. Tukaja hivyo mpaka Kilifi, na mimi sikulala.

Sasa tuje kwako. Ndugu wa Msasani amesema kweli, ila tatizo la kamba kubanana dramuni mara nyingi hukukamata wakati wa kufungua, na ukichungulia unaliona kwa macho. Beringi zikifa, fala huwa nzito tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho na unasikia mchanga ukisagika. Yako imezunguka mara mbili laini, kisha ukuta, kisha inarudi kama mpira. Halafu tanga likishuka kila kitu ni laini. Huo ni ugonjwa wa juu, si wa chini. Watu wote hukimbilia dramu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono.

Kule juu kuna swiveli. Ina sehemu mbili: ya chini imeshika tanga na lazima izunguke pamoja nalo, ya juu imeshikwa na henza na haitakiwi kuzunguka hata chembe. Kinachoizuia ni henza yenyewe, kwa kuwa inatoka pale kurudi mlingotini kwa pembe, kama digrii 8 hadi 10. Pembe hiyo ikikosekana, henza ikawa inapanda sambamba na reli, basi sehemu ya juu inafuata tanga na henza inajiviringisha kwenye reli kama nyoka kwenye mti. Mizunguko miwili, imebana. Ukiendelea kwa winchi, ile nguvu yote inaenda kuusokota waya uliomo ndani ya reli.

Hiyo "ta" yako yaweza kuwa henza imeruka juu ya yenyewe. Yaweza pia kuwa uzi wa waya. Kabla hujapanda nijibu matatu: kuna kijiti au kipete chochote kilichofungwa mlingotini chini kidogo ya kapi ya henza, cha kuivuta nyuma? Henza za ziada umezifunga wapi? Na tanga ni lile lile la siku zote?

Na grisi usitie mpaka ujue fala yako ni ya aina gani. Harken zina gololi za plastiki ngumu, hizo hazitaki grisi kabisa, ukitia grisi unakusanya mchanga wa pwani nzima. Zinataka maji matamu na sabuni ya kawaida. Profurl beringi zake zimefungiwa ndani na grisi yake, huna pa kuingilia. Furlex ndiyo ina gololi za chuma na inaomba grisi ya majini kila msimu.

kasa_wa_unguja

Haya mzee, nimekubali. Yangu ni ya gololi za chuma, nilidhani zote ndugu.

baharia_wa_kriki

Shikamoo mzee. Ahsante sana, nimeisoma ile ya Pemba mara tatu.

Majibu. Kijiti hakuna, mlingoti ni mtupu. Henza ya ziada iko moja, nimeifunga omoni karibu na fala. Gololi nimezichungulia kwa tochi, ni za plastiki, rangi ya kahawia. Na tanga, kusema kweli, si lile. La zamani lilichanika mwezi wa kwanza, mwenyewe akashonesha jipya kabla hajaondoka. Hii ilikuwa safari yake ya pili tu. Ya kwanza hatukulifunga baharini, tulilifungia kwenye boya hali ya hewa imetulia, na hata siku ile lilisitasita.

mzee_wa_matlai

Marahaba mwanangu. Tanga jipya! Hilo ndilo ungelianza nalo. Nasubiri dada wa Tanga apite hapa, anajua kuliko mimi.

sindano_ya_matanga, Tanga

Nimepita. Mimi nashona matanga, hasa ya boti ndogo za mashindano lakini na haya ya kuviringisha nimeshona.

Kaka, tanga jipya karibu hakika ni fupi kwa mbele kuliko la zamani. Si dhambi ya fundi. Wengi tunapunguza makusudi kwa sababu kitambaa kinanyooka, na likiwa refu mno hulikazi kamwe. Lakini tanga likiwa fupi swiveli inabaki chini, haifiki karibu na kilele cha reli. Hapo kipande cha henza kilicho wazi kinakuwa kirefu na kinapanda ubavuni mwa reli, ndiyo yale aliyosema mzee. Dawa yake ni kiungo, kamba fupi isiyonyooka kati ya kichwa cha tanga na swiveli, ili tanga libaki chini na swiveli ipande mahali pake. Fundi wa tanga anatakiwa akuulize urefu wa reli. Asipokuuliza, mwambie bila kuulizwa.

Kupima ni rahisi, usikisie. Tanga likiwa chini, funga henza kwenye swiveli peke yake, na chini ya swiveli funga kamba nyingine ya kuirudishia. Ukisahau hiyo kamba swiveli itakaa kileleni na wewe utaifuata kwa miguu. Itweke taratibu mpaka mahali panapofaa juu, mtu mmoja akiangalia kwa darubini isije ikapita mwisho wa reli na kutoka. Tia alama ya kalamu kwenye henza pale inapopita kwenye winchi. Ishushe. Tweka tanga sasa, likaze kama unavyolikaza siku zote, tia alama ya pili pale pale. Umbali kati ya alama mbili ndio urefu wa kiungo. Toa sentimita tano au sita za kunyooka na za kukazia. Tumia kamba ya Dyneema, nailoni usitumie hata kama inaonekana nene, inanyooka kama lastiki.

Jambo jingine umelipita kimya: ule ukanda wa kitambaa cha kuzuia jua umeshonwa upande gani? Tanga likijifunga lazima ukanda huo ubaki nje. Kama uko ndani, kamba imezungushiwa kwenye dramu upande usio wake, na tanga la mwenyewe litaoza kwa jua kabla ya Novemba.

baharia_wa_kriki

Dada, ukanda uko nje, hilo namshukuru Mungu. Nitapima Alhamisi, maji mafu, kriki inakuwa haina mkondo.

mzee_wa_matlai

Maji mafu ndiyo. Panda alfajiri kabla maboti ya uvuvi hayajaanza kupita kwa kasi, maana kitikisiko kidogo chini ni bembea kubwa juu. Kaa kwenye kiti cha kamba, upandishwe kwa henza ya tanga kuu, na ile ya ziada ifungwe kiunoni mwako kando, mtu wa pili aikaze kila unapopanda. Usipandie henza ya tanga la mbele. Ndiyo mshukiwa wetu. Zana zote zifunge na uzi kwenye kiti, koleo likidondoka kutoka futi hamsini halichagui kichwa.

Ukifika, tazama vitu vitatu: henza yenyewe, ncha ya reli, na waya pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma. Pitisha kitambaa cha pamba kuuzunguka waya. Uzi uliokatika utakamata kitambaa hata kama jicho halijauona.

Na hiyo henza ya ziada usiifunge omoni tena. Ikilegea inavutwa na swiveli na kusokotwa pamoja nayo. Ifunge kando, kwenye mguu wa mlingoti.

baharia_wa_kriki

Nimeshuka muda si mrefu, mikono bado inatetemeka nikiandika.

Alama zimetofautiana sentimita 64! Yaani swiveli ilikuwa imekaa zaidi ya nusu mita chini ya mahali pake. Ncha ya reli imechimbwa na henza, mifereji miwili inazunguka kama nyuzi za skrubu, alumini inang'aa kabisa. Henza ganda lake limekatika, utumbo mweupe uko nje, kama urefu wa shibiri moja. Ndani ya mfereji wa dasi huko juu nikakuta pia nyigu wamejenga kwa udongo, nimewatoa kwa bisibisi na wao wamenitoa kwa njia yao, shavu limevimba.

Na waya, mzee. Kitambaa kimekamata. Uzi mmoja umekatika sawasawa kwenye mdomo wa kichwa cha chuma, umesimama.

msasani_bay_77

Aisee. Uzi mmoja kati ya 19 si unaweza kuvumilia mpaka Novemba? Boti iko kwenye boya tu.

mzee_wa_matlai

Hapana ndugu yangu. Umekatika mmoja kwa sababu waya ulisokotwa, na wenzake walio kando wamesokotwa vile vile, wengine kwa ndani usikoona. Kwenye boya boti hainyamazi, kusi inautingisha mlingoti usiku na mchana. Kijana, leo hii chukua henza ya ziada (hapo sasa omoni panafaa), ifunge kwenye chuma cha nanga, ikaze. Mlingoti usitegemee ule waya. Tanga lisipande tena.

Kubadilisha waya si lazima ung'oe mlingoti. Mlingoti unashikwa kwa henza mbili mbele, unalegeza waya wa nyuma, unaufungua ule wa mbele, na fala nzima inateremshwa pamoja na reli yake. Tafuta vijana sita, si wawili. Reli ile ni ndefu kuliko boti, ikining'inia katikati inapinda, na ikipinda dasi haipiti tena. Ilazeni moja kwa moja kwenye gati au kwenye nyasi. Jambo la kwanza pimeni urefu wa waya kutoka tundu la pini mpaka tundu la pini, mwandike, mpime tena.

Halafu mtakutana na skrubu za viungo vya reli. Ni stenlesi ndani ya alumini, na chumvi imezioanisha: utaona unga mweupe kuzizunguka. Usizilazimishe kwa ufunguo wa aleni, kichwa kitazunguka tupu na utalia. Ziloweke mafuta ya kupenyeza usiku kucha, kisha zitie joto kwa hita ya upepo, polepole, zitalegea. Wakati wa kurudisha zipake Duralac au Tef-Gel ili metali hizo mbili zisigusane uchi, na zikazwe kweli, maana skrubu ya reli ikitoka nusu inakata dasi ya tanga kila likipanda. Ile ncha iliyochimbwa ipigwe tupa na msasa mpaka iwe laini. Ikiwa mifereji imeingia sana ikatwe kipande, fundi ataamua akiiona.

Kichwa cha waya cha juu, kama Mombasa hakuna mtu wa kukigandamiza kwa mashine unayemwamini, agizeni kile cha kufunga kwa spana, Sta-Lok au mfano wake. Kinafungwa kwa mkono pale pale gatini na kinaweza kufunguliwa kukaguliwa.

Na mwombe mwenyewe akubali kile kijiti cha kuivuta henza mlingotini. Kiungo cha dada kitatibu, kijiti kitazuia. Kifungwe chini kidogo tu ya kapi, kiivute henza nyuma kwa kiasi. Kikivuta mno utashindwa kulikaza tanga.

sindano_ya_matanga

Kiungo kifanye sentimita 58. Kishone kwenye kichwa cha tanga kisitoke, ili msimu ujao mtu mwingine asije akakiona akafikiri ni kamba ya bure akaitupa. Nimeshaona.

kasa_wa_unguja

Swali langu la wizi: hayo maji matamu ya kuoshea gololi, ya kisima yanafaa? Kisima changu kina chumvi kidogo.

mzee_wa_matlai

Kama hutii kwenye chai, usitie kwenye fala. Kinga ya mvua. Ndoo moja inatosha, mimina juu ya dramu huku unazungusha, na ukilitua tanga ioshe swiveli pia, hiyo ndiyo inayosahauliwa.

baharia_wa_kriki

Nimempigia mwenyewe simu, nimemwambia yote, na winchi nimeikiri. Alinyamaza kidogo, akauliza "mlingoti umesimama?" Nikasema umesimama, una henza mbili na dua. Amekubali waya mpya, kichwa cha spana na kijiti. Atakuja navyo mwenyewe begi la mkononi, anataka awepo siku ya kuteremsha. Henza ataleta pia, ya milimita 10.

Vijana sita nimeshawapata. Binamu ni wa saba, nimempa kazi ya kushika darubini.